Risasi Iliyompata Wakili Searle

Sherifu Barnabas Kittredge aliuingiza mdeki kwenye mtutu wa gobori, akauzungusha, akauchomoa. Kitambaa kilichofungwa nchani kilitoka cheusi. Akakinusa, kisha akamsogezea mfungwa.

"Uliniambia bunduki hii haijalia tangu theluji iyeyuke."

Dugald McPhail hakuhitaji kunusa. Alikuwa Mskoti wa miraba minne, mikono imebabuka kwa kazi ya kuchemsha majivu ya kutengenezea magadi, na tangu Jumamosi jioni alikuwa amefungiwa katika jela hii ya magogo kwa kosa la kumpiga risasi Jotham Searle. Searle aliwahi kuwa Wakili wa Jimbo, na leo ikiwa Jumatatu, kesho yake wapiga kura wa Vermont walitarajiwa kumfanya gavana.

"Nilidanganya," alisema Dugald.

"Hilo nimeshalinusa. Sasa nipe ukweli."

"Mbweha. Aliwajia kuku wangu Jumamosi hiyo hiyo. Nikampiga, nikamkosa."

"Mbona hukusema?"

"Ungekuwa wewe ungesema? Watu wamekuzunguka na kamba mkononi, wanakuuliza, leo umepiga bunduki? Ujibu ndiyo, lakini nilikuwa nampiga mbweha?"

Nje, sauti ya Elkanah Poor, mhunzi wa mji wa Hadlock, ilipanda juu ya sauti za wenzake. "Kittredge! Huyo Mskoti bado anakula mkate wa kodi zetu?"

"Mwambie mkate wenyewe una ukungu," alisema Dugald.

Kittredge hakucheka. Mambo mawili yalimkaba mtu huyu. Majira ya kuchipua, Searle alikuwa amemtetea mahakamani mteja aliyegombania shamba na Dugald, na Dugald akalipoteza. Jioni hiyo Dugald alisimama katika kilabu cha mvinyo wa matufaha akatangaza kwamba siku atakayokutana na Searle bila jaji katikati yao, mmoja atarudi kwake amelazwa juu ya ubao. Mji mzima ulisikia. La pili lilikuwa zito zaidi. Searle mwenyewe, damu inamtoka begani, alisema amemwona mtu mwenye kofia ya Kiskoti akichomoza nyuma ya ukuta wa mawe, upande wa miti ya matufaha.

Na neno la Searle halikuwa neno la mtu wa kawaida. Alikuwa mtoto wa msindika ngozi, aliyejifunza sheria kwa kunakili kesi za watu wengine, akaja Hadlock na jozi moja ya buti. Kwa miaka mingi alitetea wezi wa kondoo na wagomvi wa mipaka, hakuna aliyemjali. Kilichompandisha ni kesi ya mchuuzi aliyeuawa njiani, vuli ile ambayo serikali ilipiga marufuku biashara na Kanada. Mtuhumiwa alikuwa Amasa Gage, ndugu wa tumbo moja wa Mehitable, mke wa Searle. Searle ndiye aliyekuwa Wakili wa Jimbo wa kumshitaki; mwingine angejiondoa. Searle alisimama mbele ya jopo akasema, "Sheria haina shemeji," na Amasa akanyongwa. Tangu hapo akaingia Bunge la Jimbo, akawa Spika, na sasa maneno yale matatu yalikuwa yamepakwa rangi kwenye mbao kila njia panda.

Kitanzi cha Amasa kilifungwa na Kittredge. Ilikuwa kazi yake.

Akaliegemeza gobori ukutani. "Kaa mbali na dirisha," alimwambia Dugald, akatoka kwa mlango wa nyuma.

* * *

Daktari Luther Fay alikuwa anakunywa kahawa akiwa amesimama, kama mtu anayengoja kuitwa tena.

"Ataishi," alisema kabla hajaulizwa. "Iliingia nyuma ya bega la kulia, ikatokea mbele, chini ya mtulinga. Mfupa haikuugusa. Bahati ya wanasiasa."

"Iliingia nyuma?"

"Anasema alikuwa ameshaanza kugeuka aingie ndani."

"Na koti lake?"

Daktari akalileta kutoka kwenye kapu. Lilikuwa la sufu nyeusi, limekakamaa kwa damu. Kittredge akalipeleka mlangoni penye mwanga, akalikunjua upande wa mgongoni. Kuzunguka tundu, sufu ilikuwa imeungua na kujikunja, na ndani ya nyuzi mlikuwa na chembe nyeusi ambazo kidole kilipozigusa zilibaki kidoleni. Akakilamba. Chumvi na kiberiti.

"Kutoka baraza ya Searle, alipopigiwa, hadi ule ukuta wa mawe, unaweza kumrushia mtu jiwe likamfika?" aliuliza.

"Labda uwe kijana. Na jiwe dogo."

"Baruti haifiki huko, Daktari. Inaishia mbele ya pua ya bunduki."

Daktari akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye sahani ya vyombo vyake, akachokoachokoa, akarudi na kitu kidogo kilichofinyangwa kama ganda la tufaha lililokauka. "Basi labda na hiki kina maana. Nilikitoa kwenye jeraha. Nilidhani ni shati."

Kilikuwa kipande cha kitambaa, kingo zimeungua. Kittredge akakilowesha kwenye maji ya birika, akakinyoosha juu ya kiganja. Damu ilipolegea, rangi ikajitokeza.

"Koti jeusi," alisema. "Shati?"

"Jeupe."

"Hii ni buluu."

Wakatazamana. Hakukuwa na haja ya kumweleza daktari wa wanamgambo jinsi bunduki inavyoshindiliwa: baruti, kitambaa, risasi. Kitambaa hutoka pamoja na risasi lakini hakiendi popote. Hudondoka hatua chache tu kutoka mtutuni. Ili kimwingie mtu mwilini, mpigaji awe karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Usimwambie mtu," alisema Kittredge.

"Nimwambie nani? Mimi mwenyewe nampigia kura."

* * *

Nyumba ya Searle ilikuwa kimya. Mtumishi wa kike alikuwa ameenda kwao tangu Jumamosi asubuhi kuuguza mama yake. Kittredge hakubisha hodi. Alizunguka nyuma, akaanza na ukuta wa mawe, kwa sababu ndipo alipoambiwa aanzie. Majani marefu yalikuwa yamesimama wima. Juu ya mawe kulikuwa na kuvu ambayo goti au kiwiko chochote kingeikwangua, na haikuwa imekwanguliwa.

Akarudi barazani. Doa la damu lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga likabaki kama kivuli. Alisimama juu yake, akaupa mgongo mlango wa jikoni, akatazama mbele. Mbele yake kidogo, mkono wa kulia, palikuwa na nguzo ya baraza. Akaipapasa usawa wa bega lake. Upande unaotazama miti ulikuwa laini. Upande unaotazama jikoni, vidole vyake viliingia kwenye tundu.

Alichokonoa kwa kisu mpaka risasi ikaanguka mkononi, imebapa. Ilikuwa ndogo. Ya bastola, si ya gobori.

Risasi haikuwa imeingia nyumbani kwa Searle. Ilikuwa imetoka.

Alipoinua kichwa aliona pazia la jikoni likitikisika, ingawa hapakuwa na upepo.

* * *

Searle alikuwa ameegemea mito, uso wa rangi ya mshumaa, karatasi za hotuba zimetapakaa juu ya blanketi. Hata kwa ugonjwa ule alikuwa ameshanyolewa ndevu.

"Barnabas. Umeniletea habari gani za Mskoti wangu?"

"Nimekuletea risasi yako." Kittredge akaiweka juu ya hotuba.

Searle aliitazama bila kuigusa. "Umeitoa wapi?"

"Kwenye nguzo. Upande wa jikoni."

Mtu mwingine angehangaika. Searle alifikiri. Kisha akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Funga mlango," alisema. "Mimi na wewe tumetoka mbali, sitakuficha. Nimejipiga mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Kura zilikuwa zinaniponyoka. Kaunti za kaskazini zimenigeukia. Mgombea aliyepigwa risasi na adui wa sheria, nani asiyemhurumia? Ni aibu, najua. McPhail hatadhurika. Kesho jioni, kura zikishahesabiwa, nitasema sikumwona vizuri, utamfungulia. Na wewe hutabaki sherifu wa Hadlock maisha yako yote."

"Bastola iko wapi?"

"Kisimani."

"Ulitumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Hebu nioneshe."

Searle alianza kukusanya karatasi za hotuba.

"Risasi imeingia nyuma ya bega la kulia," alisema Kittredge. "Mkono huo huo wa kulia ndio uliokamata bastola. Nioneshe ulivyoupinda, Wakili. Ningekuwa shahidi wako, ungekuwa umeshaniacha uchi mbele ya jopo."

"Basi wa kushoto."

"Hata huo haufiki. Na uliishindilia kwa kitambaa cha buluu?"

Hapo Searle alisitasita kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikwenda mlangoni, na Kittredge akageuka.

Mehitable Searle alikuwa amesimama na bakuli la supu ya maharage juu ya sinia. Chini ya bakuli alikuwa ametandika kitambaa cha mezani, cha miraba ya buluu na nyeupe, alichofuma kwa mkono wake. Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa.

"Usihangaike kulinganisha, Barnabas," alisema. "Hiki ndicho nilichochana."

"Mehitable, nenda chini," alisema mumewe.

"Nimeshakaa chini siku mbili." Akaliweka sinia juu ya kasha. "Nilisema nitangoja uone mwenyewe, useme yule mtu aachiliwe. Leo asubuhi nimemsikia Elkanah akiomba kamba kwa jirani. Akaomba kama mtu anayeomba chumvi."

"Sherifu," alisema Searle, "mke wangu hajalala. Usiandike lolote."

"Sijaja na kalamu. Bi Mehitable, kwa nini?"

"Unamjua Obed Farnum?"

"Mswaga ng'ombe. Anatoka upande wa New Hampshire."

"Jumamosi alipita hapa na ng'ombe wake, Jotham yuko kanisani anahutubia. Akaomba maji. Tukazungumza, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia mimi ni Gage. Akavua kofia, akanipa pole. Akasema, ndugu yako alikuwa mtu mwema, tulilala banda moja ng'ambo ya mto usiku ule mchuuzi alipouawa."

Kittredge alivuta kiti akakaa. Hakuwa ameambiwa akae.

Amasa Gage alikuwa amesema hivyo hivyo. Jaji alipomuuliza kama ana neno kabla ya hukumu, alisema alilala bandani ng'ambo ya mto na mswaga ng'ombe asiyemjua jina. Watu waliguna. Alisema tena alipokuwa anapandishwa jukwaani, na akaendelea kulisema wakati Kittredge anamfunika uso, sauti yake ikitoka ndani ya kitambaa.

"Mbona Obed hakuja mahakamani?" Kittredge aliuliza.

"Alikuja," alisema Mehitable. "Alichelewa kusikia, lakini alikuja. Amasa bado alikuwa hai. Alikwenda moja kwa moja kwa Wakili wa Jimbo, kwa sababu ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya. Na Wakili wa Jimbo akamuuliza, hao ng'ombe ulikuwa unawapeleka wapi?"

Kittredge alimgeukia Searle. "Kanada."

"Ilikuwa marufuku," alisema Searle. "Nilimkumbusha sheria, basi."

"Ulimwambia akifungua mdomo atafungwa kwa magendo."

"Alikuwa mhalifu. Mhalifu anayekuja siku za mwisho kumwokoa mhalifu mwenzake. Nani angemsadiki?"

"Sikuulizi nani. Wewe ulimsadiki?"

Wakili alitazama dirishani. Upande ule wa nyumba zilisikika sauti za watu waliokusanyika nje ya jela, mbali kidogo, kama nyuki waliotikisiwa mzinga.

"Nusu," alisema hatimaye.

"Nusu inatosha kuahirisha."

"Ungeahirisha wewe? Nimeshasimama mbele ya jimbo zima nikamtoa ndugu wa mke wangu. Watu wamesafiri kutoka kaunti nne kuja kumwona akinyongwa. Halafu nitoke niseme nimekosea? Wangesema nimempendelea. Wangesema ilikuwa mchezo tangu mwanzo." Alipumua kwa shida. "Nilijiambia ni uongo. Baada ya muda haikuwa kazi kujiambia."

Mehitable alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayeelekezwa njia ya kufika mahali ambako hataki tena kwenda.

"Nilimuuliza kwanza, Barnabas," alisema. "Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimeshaishindilia bastola, lakini nilimuuliza. Alikuwa barazani, amenipa mgongo, anaisoma hotuba yake kwa sauti. Nikasema, Jotham, Obed Farnum alikujia kabla Amasa hajafa? Hakugeuka. Akasema, 'Si sasa, Mehitable.'"

Supu ilikuwa inapoa na utando unajitandaza juu.

Searle ndiye aliyeanza tena, na sasa ilikuwa sauti ya mahakamani, tulivu, iliyopangwa. "Sikilizeni. Bila mlalamikaji hakuna kesi. Nitaapa bastola ilitoka yenyewe. McPhail anaachiliwa, mke wangu haguswi, mimi najiuzulu baada ya mwaka mmoja kwa sababu za afya. Nani ameumia?"

"Amasa," alisema Kittredge.

"Amasa hafufuki."

"Mimi sitaki bastola itoke yenyewe," alisema Mehitable. Alikuwa anafungua vifungo vya aproni. "Nataka kesi."

"Huijui unayoitaka. Watakufunga."

"Naijua. Umekuwa ukiileta mezani kila jioni tangu tuoane. Kabla ya hukumu jaji humuuliza mshitakiwa kama ana neno, na hakuna wakili anayeruhusiwa kumfunga mdomo. Amasa aliulizwa. Na mimi niulizwe."

"Obed atakana."

"Obed ameniambia hatakana. Siku hizi hana ng'ombe wa Kanada."

Akachukua kofia yake nyuma ya mlango, akaifunga utepe chini ya kidevu. Kittredge alisimama. Kwa miaka mingi alikuwa amewakamata walevi, wezi na watu waliokimbia mitoni. Hakuwahi kumkamata mtu aliyekuwa anamsubiri yeye avae kofia.

"Bi Mehitable, si lazima twende kwa barabara kuu."

"Nitakwenda kwa barabara kuu," alisema.

* * *

Elkanah Poor aliwaona kwanza. Alivua kofia, na wengine nyuma yake wakavua.

"Bibi Searle. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ataishi. Rudisha kamba ya watu, Elkanah. Mimi ndiye niliyempiga mume wangu."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Elkanah alimtazama sherifu ili sherifu amsaidie kuelewa.

"Mama wa watu amechanganyikiwa kwa uchungu," alisema polepole. "Mpeleke akalale, Kittredge."

"Hajachanganyikiwa. Risasi ilitoka jikoni, ninayo hapa mfukoni. McPhail hakuwahi kufika kwenye ule ukuta." Kittredge aliupitisha mkono wake kati ya mabega ya watu, akamfungulia Mehitable njia. "Nendeni nyumbani. Na kesho mkienda kupiga kura, nendeni hamjalewa."

"Lakini kwa nini?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Mume kama yule."

"Nitaulizwa mahakamani, dada," alisema Mehitable. "Njoo usikie."

Ndani, Dugald McPhail alisikiliza habari za kuachiliwa kwake huku amesimama katikati ya chumba. Kisha akatambua nani anaingia kuchukua nafasi yake, akajisogeza pembeni kama mtu anayempisha mgeni barazani kwake.

"Shuka la upande wa ukuta limelowa, mama," alimwambia. "Tumia la upande wa mlango." Akafikiri. "Na mkate, katakata ukungu uutoe."

"Ahsante, Bwana McPhail. Nisamehe siku zako mbili."

Alikuna kichwa. "Zingeweza kuwa nyingi zaidi," alisema, akatoka, na watu waliokuwa wamekuja na kamba wakampa njia bila kumtazama usoni.

Hawakuwa wametawanyika mkokoteni ulipofika. Daktari Fay alikuwa anausindikiza kwa miguu, amekasirika, na juu yake ameketi Searle, koti limetupiwa begani, mkono umefungwa kifuani. Alishuka mwenyewe. Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wawili wakafuata, na Searle akainua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, taratibu, kama alivyofanya mara mia kwenye majukwaa.

"Ndugu zangu," alisema, "mke wangu ni mgonjwa wa huzuni. Nimekuja kumtetea. Nitasimama naye mahakamani kama wakili wake, na ninyi mtaona jinsi mtu anavyompenda aliyemkosea."

Makofi yakaongezeka. Elkanah alifuta macho kwa mkono wenye masizi. Kittredge, aliyesimama kizingitini, aliuona mpango wote, jinsi ulivyokuwa mzuri. Wakili wa utetezi ndiye anayeamua shahidi gani aitwe. Obed Farnum hataitwa. Jaji atasikia huzuni, hatasikia banda.

"Sherifu," alisema Searle, "nipeleke kwa mteja wangu."

"Nitamuuliza kwanza kama anakutaka."

Aliingia, akamkuta Mehitable anakunja shuka kavu. Akamweleza kila neno lililosemwa nje. Mehitable alimaliza kukunja, akaliweka shuka kwenye ubao, akaketi juu yake. Ndipo alipojibu, kwa maneno machache, na Kittredge akatoka nayo hadi nje, akayasema kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa mbali zaidi.

"Anasema wakili atatafuta mwingine. Wewe ndiye uliyepigwa, Bwana Searle, kwa hiyo utaitwa na upande wa mashitaka. Anasema safari hii utakuwa shahidi, na Obed Farnum atakuwa amekaa mstari wa mbele wakati unaapa."

Searle alifungua mdomo. Watu walingoja, maana hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno. Daktari Fay ndiye aliyemshika kiwiko, akamwambia kwa upole arudi mkokotenini, jeraha lilikuwa limeanza kuvuja tena.

"Huyo Farnum ni nani?" Elkanah aliuliza, na alipokosa jibu kwa Wakili, akamgeukia sherifu, akauliza tena.